Mkuu wa shule anapataje saa ya kukaa peke yake bila kuonekana anajificha?

Mwenye Funguo ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa uongozi wa shule, hasa sekondari za kutwa za serikali.

Shule ina wanafunzi 870 na walimu 31. Mlango wa ofisi ya mkuu unatazamana na geti, na tangu paredi mpaka saa 9:30 alasiri hazipiti dakika kumi bila mtu kuingia. Mwalimu anaomba ruhusa, mzazi kaitwa na mwalimu wa nidhamu, fundi anataka saini, mtoto anaumwa tumbo, kata wanapiga simu wanataka takwimu. Mambo makubwa (nani awe mwalimu wa taaluma, darasa lipi lipauliwe kwanza, mwalimu mtoro aandikiwe nini) yanaamuliwa mtu amesimama, katikati ya hayo yote.

Je, kiongozi kutenga muda wa kukaa peke yake kuna faida ya kweli, au ni anasa ya wakurugenzi wa mjini? Kama faida ipo, ni muda gani kwa wiki, saa ngapi, na akae wapi? Walimu na wazazi waambiwe nini wasije wakasema mkuu mpya ana maringo?

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Mwalimu, faida ipo, na utaiona kwenye makaratasi kabla hujaiona kichwani. Mkuu ana kazi za aina tatu zisizofanyika mtu mwingine akiwa amesimama mbele ya meza: kusoma hati kabla ya kuzitia saini, kupima jambo linalomhusu mtu fulani, na kuangalia takwimu za shule kwa utaratibu mpaka zikuambie kitu. Ukizifanya kwa vipande vya dakika tatu tatu, kila ukirudi unaanza upya, na mwisho unaamua kwa kumfuata aliyeongea mwisho. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Walimu wanaujua haraka sana, ndiyo maana wengine husubiri mpaka saa 9 ndipo waingie, wawe wa mwisho.

Kuhusu muda, anza na vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, mara mbili kwa wiki. Kama kipindi cha kwanza kwenu kinaanza saa 2:00 na mapumziko ni saa 4:40, chukua saa 3:20 hadi 4:40, Jumanne na Alhamisi. Nazitaja saa hizo kwa makusudi. Kabla ya saa 3 kuna wachelewaji, kuna mwalimu wa zamu, kuna darasa ambalo mwalimu wake hakufika. Baada ya mapumziko wazazi wa mbali wameshashuka kwenye magari. Dirisha lililobaki ni hilo la katikati, na kengele ya shule inakulinda kwa sababu kila mtu anajua inagonga saa ngapi. Jumatatu usijaribu, maana mambo ya mwisho wa wiki yote yanakungoja. Ijumaa siku ni fupi, kuna sala, na wilayani wanafunga taarifa zao.

Mahali: usikae ofisini kwako. Watu wameuzoea mlango ule, na hata ukiufunga wataugonga. Kaa maktaba darasa lisipokuwa na kipindi humo, au chumba cha maandalizi cha maabara siku isiyo na vitendo. Chumba cha kutunzia mitihani usikaribie. Mkuu kuonekana ameingia humo peke yake bila sababu ya kiofisi kunaleta maneno ambayo hakuna maelezo yatakayoyafuta. Pawe mahali ambapo mtu akitumwa akuite, anafika ndani ya dakika tatu.

Beba vitu vitatu: jalada moja, daftari, kalamu. Jalada MOJA. Ukibeba matano utafungua yote na kumaliza bure. Swali la siku hiyo liandike jana yake jioni juu ya ukurasa, kwa mfano: "Kwa nini kidato cha pili B utoro ni wa Alhamisi tu?" Usipoliandika, dakika 20 za mwanzo zitaishia kufikiria ufikirie nini.

Kosa linaloua mpango huu ni makamu asiye na madaraka. Watu wakija anawaambia "mngojeeni mkuu", ukitoka saa 4:40 unakuta foleni ya watu kumi na wanne, unachoka kuliko jana, na wiki ya tatu unaacha. Kabla hujaanza, andika karatasi moja na uisome kwenye kikao cha walimu: mambo gani makamu anayamaliza mwenyewe. Ruhusa ya mwanafunzi mgonjwa, mwalimu kubadilishana kipindi, kumsikiliza mzazi kwa mara ya kwanza, kupokea barua. Akishaamua usilipindue mbele za watu hata kama wewe ungefanya vingine. Mkalizungumze wawili pembeni.

Yanayoruhusiwa kukukatiza yawe manne tu: mtu ameumia au kuna moto, msiba, polisi au vurugu getini, na kiongozi au mthibiti ubora aliyefika bila taarifa. Mengine yote karani anaandika kwenye daftari: jina, jambo, namba ya simu, na saa aliyoahidiwa kuonana na mkuu. Aliyeahidiwa saa 5:00 aonwe saa 5:00. Ukichelewa mara mbili tu, watu hawataliamini daftari tena, watarudi kugonga mlango.

---

Mhasibu wa Zamani amejibu:

Naongeza kwenye hilo la saini, maana ndilo linalowapeleka wakuu wa shule kwenye maelezo ya ukaguzi, na wengi wao hawakuiba hata shilingi.

Shule nyingi sasa zinajenga kwa force account, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa mafundi bila kumpa mkandarasi. Mkuu ndiye anayeidhinisha malipo, na kuna kamati tatu chini yake: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Fundi au mzabuni anakuja na hati ya malipo, karatasi ya juu ni safi, mkuu anaiweka kwenye boneti ya gari na kusaini. Sekunde ishirini. Kosa huwa halipo kwenye karatasi ya juu. Liko kati ya karatasi ya tatu na ya tano.

Ukiwa peke yako, toa pini, tandaza karatasi zote mezani kwa mstari: ombi, muhtasari wa kamati ya manunuzi, hati ya agizo, hati ya kupelekea bidhaa, taarifa ya kamati ya mapokezi, ankara, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Usianze kusoma na ombi, anza na bidhaa iliyofika. Soma namba kwanza, kisha tarehe, kisha saini. Mfano wa kosa ulivyo: ankara inasema saruji mifuko 120, hati ya kupelekea inasema 120, taarifa ya mapokezi inasema 112 na mwandishi ameongeza kwa kalamu nyingine "8 italetwa". Ukisoma ankara peke yake hutaiona hiyo 112. Au mapokezi yana tarehe 6 na agizo lina tarehe 9, maana yake mzigo ulishuka kabla haujaagizwa. Au wajumbe watatu wa mapokezi wamesaini kwa mwandiko mmoja.

Hati moja ya malipo na viambatanisho vyake ikisomwa hivyo inachukua dakika sita hadi nane. Kwa hiyo dakika zako 80 zinatosha hati kumi hivi, zote kwenye lile jalada moja. Zikizidi hapo, tatizo halipo kwenye kasi yako. Mhasibu analimbikiza, mwambie alete mara mbili kwa wiki na si siku ya mwisho wa mwezi.

Halafu hati za malipo usizipeleke nyumbani usiku hata siku moja. Nyumbani peleka maswali, hati zibaki shuleni kabatini. Hati iliyopotea njiani ni kesi hata kama malipo yalikuwa halali.

---

Mwana wa Pwani amejibu:

Swali lako la mwisho, watu waambiwe nini, mimi naliona ndilo zito kuliko yote, na linaanzia kwenye lugha.

Kiswahili hakikusaidii sana hapa. Ukisema uko kwenye upweke, watu wanakuonea huruma. Ukisema umejitenga, wanakulaumu. Ukisema uko faraghani, wanauliza na nani. Kwetu mtu mzima anayekaa peke yake ama ana huzuni, ama ana siri, ama ameshikwa na kibri, kwa hiyo usitangaze kwamba unatafuta "muda wa peke yangu". Ipe saa hiyo jina la kazi: saa ya majalada. "Mkuu yuko kwenye majalada mpaka saa tano kasoro dakika ishirini." Hakuna mzazi atakayekasirika, kwa sababu jalada analijua, na huenda analitaka la mwanawe lisomwe vizuri.

Na wala jambo lenyewe si la wakurugenzi wa mjini. Waislamu wana itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, na angalia inavyofanyika: mtu anajitenga, lakini msikitini, mahali ambapo jamaa wanajua alipo na jambo la lazima linaweza kumfikia. Ina mpaka wa siku, ina mahali, ina kazi yake. Wakristo nao wanasoma kwenye sura ya kwanza ya Marko kwamba Yesu aliondoka alfajiri na mapema kabla hakujapambazuka, akaenda mahali pasipo na watu akaomba. Simoni na wenzake wakamtafuta, walipomwona wakamwambia watu wote wanamtafuta. Yeye hakurudi kule walikomtaka, alisema waende kwenye vijiji vingine vya karibu. Mwalimu, lisome tena hilo tukio kwa jicho la uongozi. Umati ulikuwa na ajenda yake tayari, na aliyetoka kwenye ukimya alikuwa na yake. Angebaki mlangoni tangu alfajiri, ni ajenda ya umati ambayo ingeendelea.

Kwa walimu wenzako ongea mapema na kwa heshima. Anza na wazee wa shule, wale walimu wawili watatu waliokaa hapo miaka mingi. Waeleze kabla ya kikao, kila mmoja peke yake. Wao wakisema "mwacheni mkuu asome", imekwisha. Wakisikia kwa mara ya kwanza kikaoni pamoja na vijana wa juzi, watanyamaza, na ule unyamavu wao utautambua baadaye.

Jambo dogo ila lina uzito: ukitoka kwenye majalada, usirudi ofisini moja kwa moja. Pita stafu rumu, salimia, kaa dakika tano na chai. Anayetoka kwenye ukimya na kwenda kukaa nyuma ya mlango mwingine ndiye anayeitwa mwenye maringo.

---

Mwenye Funguo ameandika:

Nashukuru sana, nimeandika yote. Yamebaki mawili. Simu: kata na wilaya wanaweza kupiga wakati wowote wakitaka takwimu "ndani ya saa moja", na simu ikizimwa ni kosa. Pili, makamu ni mtu mzuri lakini mwoga wa kuamua. Akipewa ile karatasi bado atauliza kila kitu.

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Simu usiizime na usimpe karani (ina hela zako na siri zako). Iweke kwenye hali ya kutosumbuliwa na uruhusu namba sita tu ziite: makamu, karani, mlinzi wa getini, afisa elimu kata, ofisi ya elimu sekondari wilayani, na nyumbani. Magrupu yote ya WhatsApp yanyamazishwe. Simu nyingi zina mpangilio wa kumruhusu anayepiga mara ya pili mfululizo, uwashe huo, maana mwenye dharura ya kweli hupiga tena.

Dawa ya takwimu za haraka ni kuwa nazo kabla hazijaulizwa. Wanaoomba huomba vitu vilevile mwaka mzima: wanafunzi kwa kidato na jinsi, wenye ulemavu, walimu kwa somo, viti na meza vilivyopo na pungufu, matundu ya vyoo ya wasichana na ya wavulana, vyumba vya madarasa, mahudhurio ya wiki. Tengeneza ukurasa mmoja wenye hayo yote. Mwalimu wa takwimu aufanye upya kila Ijumaa kabla ya saa 6, nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la makamu, nyingine iwe kwenye simu yake kama picha. Kata wakipiga saa 3:40 Jumanne, makamu anasoma. Ukurasa huo ukikaa wiki tatu bila kufanywa upya, utatoa namba ya zamani na wewe ndiye utakayeandika barua ya kusahihisha, kwa hiyo tarehe iandikwe juu kwa herufi kubwa.

Makamu mwoga: usimkabidhi mambo yote siku moja. Wiki mbili za kwanza aamue ruhusa za wagonjwa tu, aandike alichoamua na sababu mstari mmoja. Mpitie pamoja Ijumaa dakika kumi na tano. Akikuuliza katikati ya saa ya majalada jambo lililo kwenye karatasi yake, mjibu kwa swali: "Wewe unaonaje?" Akisema, mwambie fanya hivyo. Mara nne au tano za namna hiyo zinatosha. Uoga wa makamu mara nyingi umefundishwa na mkuu aliyetangulia ambaye alikuwa anapindua kila kitu.

Kuna mfano mkubwa wa jambo hili nchini kwetu. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili aende kukijenga chama na kufikiri nchi inaelekea wapi. Hakwenda kulala, alizunguka na aliandika. Lakini aliweza kuondoka kwa sababu Rashidi Kawawa alikabidhiwa serikali kwelikweli, akawa Waziri Mkuu kwa jina na kwa kazi. Desemba 1962 Mwalimu akarudi akiwa Rais. Kama Kawawa angekuwa anapeleka kila faili kuulizia, kujiuzulu kule kusingekuwa na maana.

---

Ubao wa Kijani amejibu:

Mchango mzuri wa wote, ila naona hatari moja haijaguswa. Mkuu akiona raha ya ukimya anaweza kuanza kuamua humo. Hapana. Kule unaandaa swali na kupanga ushahidi, uamuzi unatoka kwenye kikao chake. Mwanafunzi wa kusimamishwa, hilo lina kamati ya nidhamu na bodi. Mgawo wa fedha za ruzuku, hilo lina kikao na mbao za matangazo. Ukitoka na jibu kamili Jumanne saa 4:40 na kikao ni Jumatano, walimu wataona wameitwa kupiga muhuri. Ingia na mambo mawili yaliyopimwa, faida na hasara za kila moja, na useme wazi bado hujaamua.

Kinachohitaji ukimya kuliko chochote, kwa maoni yangu, ni barua kwa mwalimu aliyekosea. Barua ya kutaka maelezo ikiandikwa kwa hasira inaharibu kesi nzuri. Iandike kwa mkono siku hiyohiyo, maliza hasira yote humo, itie kwenye droo, funga. Kwenye saa ya majalada inayofuata isome kwa sauti ya chini. Futa kila neno la sifa: "mzembe", "mkaidi", "kwa makusudi". Acha matendo na tarehe. Badala ya "umekuwa mtoro sugu" weka "daftari la mahudhurio linaonyesha hukuwepo kazini tarehe 3, 4, 11 na 12 mwezi huu, na hakuna ruhusa iliyoandikwa". Hakikisha kila tarehe kwenye daftari lenyewe, usitegemee mdomo wa mwalimu wa zamu. Angalia pia kama kuna siku alikuwa kwenye semina au usimamizi wa mitihani kwa barua ya wilaya, hapo ndipo wakuu wengi huumbuka. Ndipo ipelekwe kuchapwa. Jalada likifika Tume ya Utumishi wa Walimu, wewe hutakuwepo kueleza ulimaanisha nini, itasomwa barua.

Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alifanya hivyo Julai 1863 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vita vya Gettysburg alimwandikia jenerali wake, Meade, barua kali kwa kuliacha jeshi la Lee, jenerali wa waasi wa Kusini, livuke mto lirudi Virginia. Hakuisaini wala hakuituma. Ilikutwa kwenye karatasi zake alipokwisha kufariki, na Meade aliendelea kuliongoza jeshi lake mpaka mwisho wa vita. Siku hizi hatari ni kitufe cha kutuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la walimu saa 4 usiku. Ujumbe wa namna ile hauna droo.

Ukishazoea vipindi viwili, ongeza matembezi ya Ijumaa. Wanafunzi wakishaondoka, zunguka shule peke yako nusu saa, bila makamu, bila fundi, simu mfukoni. Kila Ijumaa angalia kitu kimoja tu: wiki hii bawaba na vioo vya madirisha, wiki ijayo mabomba na matenki, inayofuata vyoo vya wasichana (mwambie matroni au mwalimu mlezi athibitishe hamna mtu kwanza, asimame nje). Ukiangalia vyote kwa pamoja huoni chochote. Ukiwa na watu wawili nyuma yako, wanakuonyesha wanachotaka ukione.

---

Mwenye Funguo ameandika:

Nimeelewa. La mwisho kabisa: karani akiumwa siku ya Jumanne, nani akae na daftari? Nilifikiria mlinzi.

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Mlinzi hapana. Geti litabaki wazi, na mzazi akizuiwa na mlinzi anaona amefukuzwa. Tumia mwalimu wa zamu wa siku hiyo asiye na kipindi kati ya 3:20 na 4:40, na mpangilio huo uwekwe kwenye ratiba ya zamu mwanzoni mwa muhula ili asiambiwe asubuhi ileile. Meza yake iwe barazani, iwe na kiti cha pili cha mgeni na maji ya kunywa. Mzazi akikaa na akaona jina lake linaandikwa, anangoja vizuri. Na kama mwalimu wa zamu naye ana vipindi vyote viwili, ahirisha saa ya majalada iende Jumatano, uandike kwenye ubao wa matangazo kabla ya paredi.